Kishikwambi Kimefika: Mwalimu Akakiulizie Wapi?



Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 nchini Tanzania, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa kwa walimu. Vifaa vikafika, maswali yakabaki. Darasa lina wanafunzi themanini, kipindi ni dakika arobaini, kishikwambi ni kimoja, tena bando unanunua mwenyewe: unafundishaje? Waraka wa ofisini haulijibu swali hilo, na muuza programu halimhusu. Mwenye jibu ni mwalimu wa shule nyingine aliyejaribu wiki iliyopita, akakwama, akajaribu tena. Faida ya kwanza ya chama cha kitaaluma, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kukukutanisha na mwalimu huyo.

Tusichanganye vyombo lakini. Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kinatetea mishahara na stahiki zetu. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu imewekwa na sheria ya mwaka 2018, na kusajiliwa nayo si suala la hiari. Chama cha kitaaluma unajiunga kwa kupenda, kwa ajili ya ufundishaji wenyewe. Walimu wa hisabati hawahitaji kuelezwa hili: wanacho Chama cha Hisabati Tanzania (CHAHITA), na kila Machi wanaadhimisha Siku ya Pai. Sisi wa TEHAMA bado tunategemea makundi ya WhatsApp, ambako swali zuri la asubuhi hufunikwa na salamu za Ijumaa kabla ya saa sita.

Chama kikikomaa hufika mbali. Mwaka 1979, huko Oregon, Marekani, walimu na wahadhiri waliovutiwa na kompyuta waliunda umoja ambao mwaka 1989 ukawa ISTE, yaani Jumuiya ya Kimataifa ya Teknolojia katika Elimu. Mwaka 1998 ISTE ilitoa viwango vya matumizi ya teknolojia kwa wanafunzi, na viwango hivyo vikaenea hadi nje ya Marekani. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hawakuving'ang'ania. Toleo la kwanza lilianza na ujuzi wa kuendesha kifaa. Lile la 2016 linamtazama mwanafunzi kama mjenzi wa maarifa, mbunifu na raia wa mtandaoni. Mwalimu mmoja akibadili mawazo, mabadiliko huishia darasani kwake. Wakibadili mawazo kwa pamoja, mitaala inatikisika.

Faida ya pili ni sauti kabla ya manunuzi. Jirani zetu Wakenya waliahidiwa mwaka 2013 kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaingia kwenye mivutano ya kisheria, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi, huku shule nyingi zikiwa zimelazimika kwanza kuunganishiwa umeme. Ahadi ya namna hiyo inapotolewa, mwalimu mmoja mmoja hana mlango wa kubisha. Chama chenye katiba na wanachama wa wilaya zote kinaweza kuuliza mapema: kifaa kikiharibika nani anatengeneza, kinafanya kazi bila intaneti, na Kiswahili kimo?

Sitaficha udhaifu. Makampuni hupenda kudhamini mikutano ya vyama vya namna hii, na mdhamini asipowekewa mipaka, mkutano wa walimu hugeuka maonyesho ya biashara. Katiba ya chama tutakachounda iseme wazi kwamba anayeuza hapangi ratiba. Vyeti navyo tuvipe uzito wa kiasi. Wengine huvikusanya na vipindi vyao vikabaki vilevile.

Ninapendekeza chama chetu cha walimu wa TEHAMA tukianzie kwenye jumuiya za ujifunzaji zilizopo shuleni chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), kisha tuziunganishe kata kwa kata, kwa ada ambayo hata mwalimu wa ajira mpya anaimudu. Kwenye mkutano wa kwanza, kila mmoja aje na kipindi kimoja alichoshindwa kukifundisha kwa kishikwambi. Tuvijadili hivyo kwanza; uchaguzi wa viongozi ufuate mchana.