Mikataba ya Biashara na Mpaka wa Tunduma
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano. Kwa hivyo, mkataba unaomhusu mkulima wa Saza, mkoani Songwe, anayeuza mahindi yake ng'ambo ya Tunduma, ndio huo huo unaomhusu mfanyabiashara wa Unguja na Pemba.

Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hali Zambia ikabaki. Tangu hapo uhusiano wa ushuru baina ya majirani hao umesimama zaidi juu ya Itifaki ya Biashara ya SADC, iliyotiwa saini Maseru mwaka 1996. Mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mbili.

Hata hivyo, Itifaki haisamehi kila kipitacho. Msamaha hupewa bidhaa yenye cheti cha uasili, kinachothibitisha kuwa imezalishwa katika nchi mwanachama. Asiyenacho hutozwa kama mgeni, ingawa mahindi yake yamelimwa Saza. Haki iliyopatikana mezani hupotea dirishani.

Wala saini peke yake haitoshi. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini baada ya nchi hizo kuzuia mazao yake, na zote tatu ni wanachama wa SADC. Zuio hilo halikudumu. Mazungumzo yalichukua nafasi yake.

Anayekusudia kuvusha bidhaa na aombe cheti kabla ya kupakia mzigo, si akiwa tayari katika foleni ya mpakani.