Kona ya mafundi katika kalasi ya tano

Maneno ya mwalimu wa kalasi ya tano ya primeri mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka. Tumeyaandika namna alivyoyasema. Tumepunguza salamu tu.

Mama Mwenyekiti, wanakomite, wazee wetu, ndugu na dada tuliopanda meli pamoja kule Kigoma, na ninyi marafiki wa mbali mnaosaidia chama hiki na mtakaosoma maneno haya kwenye gazeti letu: jambo.

Komite imeniomba nieleze zile dola 60 mlizonipa zimefanya kazi gani. Nitaeleza. Lakini nina swali pia, na nitaliuliza kabla sijakaa, kwa sababu kuna maneno yanasemwa chini chini juu ya lile sanduku la vyombo, na mimi maneno ya chini chini siyawezi.

Mjue kwanza kalasi yenyewe. Chumba kimoja cha matofali, bati juu, madirisha hayana vioo, watoto 58. Tangu Septemba 2019 masomo ya primeri kwenye shule za serikali ni ya bure, na watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wameingia. Jambo zuri. Ila zamani ungeweza kumwomba mzazi faranga kidogo za kununua kartoni. Leo huwezi, na ni haki usiweze. Masomo ya bure yalileta watoto, hayakuleta nyundo.

Kwenye ratiba yetu kuna saa ya kazi za mikono. Wote mliosoma hapa mnaijua saa hiyo: ni kukata majani, kufagia uwanja, kubeba mchanga, na mahali pengine kuchota maji ya nyumbani kwa mwalimu. Mimi nilifanya hivyo kama mtoto, na kama mwalimu niliwafanyisha wengine hivyo, sitawadanganya. Nilichowaomba mwaka jana ni pesa ya kuifanya saa ile iwe saa ya kutengeneza vitu kweli.

Pesa ilitoka hivi. Koleo mbili (sisi tunasema pensi), dola 8. Nyundo ndogo mbili, dola 10. Msumeno mmoja wa mbao, 6. Mikasi sita, 6. Mita moja, 2. Misumari kilo mbili, 4. Tupa moja, 3. Kufuli moja, 3. Fundi wa mbao, 15. Zikabaki dola 3. Nikanunua sindano, uzi na bendeji. Risiti ziko kwenye daftari, isipokuwa ya misumari, yule mama wa sokoni hana risiti.

Chumba cha ziada hatuna. Kona yenyewe ni pembe ya nyuma ya kalasi, upana wa mikeka miwili. Kulikuwa na benchi mbili zilizovunjika miguu. Fundi alizigeuza meza moja ndefu na sanduku, bila kununua mbao mpya. Meza ni ya mtoto kusimama, si ya kukaa. Hilo msilione dogo: mtoto anayepiga msumari huku amekaa anapiga goti lake. Vyombo vinalala ndani ya sanduku, na ndani ya kifuniko tumechora kila chombo kwa mkaa, umbo lake kamili. Saa ya kufunga, kila chombo kinaegemezwa kwenye picha yake kwanza. Picha ikibaki peke yake, hakuna anayetoka. Watoto hawahitaji mwalimu wa kuhesabu. Wanahesabu wenyewe, tena kwa kelele.

Watoto 58 hawawezi kushika nyundo pamoja. Tunafanya mara tatu kwa wiki, watoto kumi mezani, wengine wakiandika kwenye kaye zao. Wiki mbili zikiisha, wote wamepita. Mwanzoni nilijaribu watoto ishirini kwa mara moja. Sirudii tena.

Vya kutengenezea havinunuliwi. Kartoni tunaomba kwenye maduka. Matete yako ziwani. Wavuvi wanatupa nyavu zilizochoka, tunafumua kamba. Wafyatua matofali wanatupa udongo uliokandwa tayari. Bidoni zilizopasuka, chupa za maji, waya. Na kitu bora kuliko vyote ni mpira wa ndani wa kinga, ule uliotobolewa mara ishirini: ukiukata kwa kamba nyembamba unafunga chochote, na kesho unaufungua, kazi inaanza upya. Gundi tunapika kwa unga wa muhogo: unakoroga unga kidogo na maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha unamimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga. Inashika kartoni vizuri sana. Siku ya tatu inanuka, na panya wanaipenda kuliko sisi, kwa hiyo tunapika kidogo kidogo.

Sasa niwape habari ya mtoto mmoja. Jina lake silisemi. Ana miaka 14, yuko kalasi ya tano pamoja na watoto wa miaka 10 na 11. Familia yake imerudi kutoka Nyarugusu juzi juzi tu. Anakaa benchi ya mwisho, mrefu, kimya, na kila nikiuliza kitu kwa Kifaransa anaangalia mikono yake. Wenzake wanamcheka Kiswahili chake. Anasema gari, wao wanasema mutuka. Anasema baiskeli, wao kinga. Ninyi mnajua kicheko hicho. Wengi wetu tumekisikia kwa watu wazima hapa hapa Baraka.

Wiki ile tulikuwa kwenye somo la ujazo. Kila mwaka naandika kwenye tablo: desimetre kibu moja ni litre moja. Watoto wanakariri, wanajibu vizuri, hawaamini. Nikasema: leo tutengeneze sanduku la sentimita kumi kila upande, tumimine maji tuone. Wakajaribu kwa kartoni, ikalowa. Wakajaribu kwa udongo, ukapasuka. Mtoto wetu akainuka kule nyuma, akaenda kwenye rundo la takataka zetu, akachukua mkebe wa mafuta. Mnaujua, ule wa mafuta ya msaada tuliyokuwa tunapimiwa kambini, umetengenezewa taa, vikombe, hata milango. Mjomba wake kule Nyarugusu alikuwa anatengeneza majiko. Akaufungua mkebe ukawa karatasi ya bati, akapima kwa mita, akachora msalaba wa miraba mitano, akaacha ukingo mdogo wa kukunjia, akakunja juu ya ubao kwa nyundo, ukingo ndani ya ukingo, bila kulehemu. Kwenye mishono akadondoshea nta ya mshumaa. Dakika arobaini. Hakuna aliyezungumza.

Tukamimina litre moja ya maji. Sanduku likajaa mpaka juu, na maji yakabaki kwenye chupa, kama robo ya kikombe cha chai. Kelele! "Mwalimu, tablo iko naongopa!" Nikawaambia, basi tablo au sanduku, tafuteni. Wakapima tena. Kwa ndani kila upande ulikuwa sentimita 9 na milimita 8. Mikunjo ilikula milimita mbili. Wakazidisha 9,8 kwa 9,8 kwa 9,8, na mimi sikuwasaidia, ikatoka 941 na kitu. Zilizobaki hazifiki sentimita kibu 60: ni yale maji ya kwenye chupa.

Nimefundisha miaka kumi na saba. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuona watoto wanazidisha namba zenye koma kwa sababu wanataka kujua jibu.

Halafu wakamuuliza mtoto yule namna ya kukunja. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha Kigoma, na safari hii aliyecheka alinyamazishwa na wenzake. Nilikuwa namwongezea neno la Kifaransa pale anapogusa kitu: ukingo, upande, ujazo. Siwaambii kwamba sasa ni wa kwanza kalasini. Kifaransa chake bado ni kidogo, na mtihani wa mwisho wa primeri haufanywi kwa bati. Lakini amehama benchi ya mwisho, na haulizwi tena kama yeye ni Mtanzania.

Sasa mabaya, nayo niyaseme. Baada ya siku ile kila mtoto alitaka kukata bati. Niliwaachia. Msichana mmoja akajikata kiganja, damu nyingi. Nikamfunga bendeji, nikampeleka kwenye kituo cha afya kwa mguu. Kesho yake mama yake alinikuta mlangoni. Akasema: "Mwalimu, mutoto wangu nilimutuma kusoma, hapana kukuwa fundi. Na ule mukono njo ataandika nao." Sikuwa na la kujibu. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo bati linakatwa Jumamosi tu, fundi akiwepo, na kingo zote zinakunjwa au kupigwa tupa kabla mtoto hajazigusa. Yule mama alikaa wiki tatu hatusalimiani. Kisha akaja kuuliza kama msumeno unaazimwa.

Na hapo tunafika kwenye msumeno. Mwezi wa pili ulipotea. Picha ya msumeno ikabaki peke yake kwenye kifuniko. Ndipo maneno ya chini chini yakaanza: watoto wa wale waliobaki hapa wakati wa vita njo wameiba, mali ya warudishwaji inaliwa na wasiokuwa wanachama. Niliyasikia sokoni, niliyasikia kanisani, niliyasikia kwa mtu aliyekaa hapa mbele yangu. Wiki mbili baadaye msumeno ulirudi, meno yamepinda. Aliyeuchukua ni mtoto wetu, wa mwanachama. Baba yake alikuwa anajenga mlango na hakuwa na msumeno. Simtaji. Amenirudishia mwenyewe, na mlango wake ni mzuri.

Lakini nilijifunza kitu: watu wazima nao hawana vyombo. Kwa hiyo nilifungua daftari la kuazima. Ijumaa jioni unachukua, unaandika jina, unalipa faranga 500. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, umerudisha. Mpaka leo tumeazimisha mara 38, faranga 19.000. Misumari na kunoa msumeno vimetoka humo, sijarudi kwa komite kuomba.

Sasa swali langu. Wako wanachama wanaosema: pesa ni ya warudishwaji, basi sanduku lifunguliwe kwa watoto wa warudishwaji tu. Nawaelewa. Tuliporudi tulikuta mashamba yetu yana watu, na kila kilicho chetu tunakishika kwa mikono miwili. Katika watoto 58, wa chama ni 21. Nifanyeje na 37? Fundi aliyetengeneza meza hakukimbilia Tanzania, alibaki hapa miaka yote ile. Alichukua dola 15 kwa kazi ya siku nne, na kila Jumamosi anakuja bure. Binti yake yuko kalasini kwangu. Nimwambie baba mtu aje kufundisha wa kwetu, halafu binti yake akae benchi aangalie? Wafyatua matofali si wanachama. Wavuvi wengi si wanachama. Mkiamua sanduku ni la watoto wetu tu, mimi siwezi kulifungua na kulifunga kwa majina. Nitalirudisha kwa komite leo hii, na ufunguo wake.

Kwa marafiki wa mbali, kidogo tu. Mmoja wenu aliandika kwamba anaweza kututafutia mashine inayochapa vitu vya plastiki, na kompyuta kadhaa. Tunamshukuru kwa moyo wote. Lakini kalasi haina umeme, wala dirisha la kufunga, na kipande chake kikivunjika tutakipata wapi? Pensi ikivunjika, naenda sokoni Baraka naweka nyingine. Mkitaka kusaidia, msitume kontena. Tunaomba dola 20 kila miezi mitatu: bendeji, glavu za ngozi jozi mbili, tupa, na sabuni ya fundi, maana kumwacha aje bure daima si heshima. Na mwalimu wa kalasi ya nne, jirani yangu, anataka kona yake. Ni dola 60 nyingine, au pungufu, kama mna benchi zilizovunjika.

Mwenye mikebe ya mafuta nyumbani asiitupe. Daftari zote mbili ziko mezani kwa katibu. Nakaa, nangojea jibu.

(Baada ya maneno haya mkutano ulijadiliana zaidi ya saa moja. Sanduku litabaki wazi kwa watoto wote wa kalasi. Wanachama sita walikataa na wameomba iandikwe. Ombi la dola 20 limepelekwa kwenye mkutano ujao. Redaksio.)