Neno moja kwa herufi nene: bango letu la Kasumbalesa

 

Mliuliza kwa nini tunataka bango jipya pale Kasumbalesa wakati karatasi za zamani zingali ukutani. Tuelezane. Mtu anayerudi kutoka Zambia anashuka na mizigo, watoto nyuma, makamyo ya shaba yanapita, vumbi iko juu. Hana nafasi ya kusimama asome mistari kumi. Anayemfikia wa kwanza ni komisioneri, naye anaomba franka za kujaza fishi ambayo sisi tunaijaza bila malipo. Kuna bamama waliolipa, kisha wakatukuta mita 30 mbele. Inauma.

Wachora mabango wana kipimo chao: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 hivi. Kwa mita 30, ni sentimita 25. Lakini urefu peke yake hautoshi. Herufi nyembamba inapotea jua likiwaka. Ukiinenepesha bila kuipanua, matundu ya B na ya R yanajifunga, na kutoka mbali unaona doa tu. Upana ndio unaacha tundu wazi. Wenye kompyuta wataona: Impact ni nene lakini imebanwa, Arial Black ni nene na imepanuka. Hiyo ya pili tulimwonyesha pentre wetu. Alicheka. Anazichora kwa mkono tangu zamani, bila mashini.

Sasa, herufi pana zinakula nafasi. Tripleksi moja ina mita 2.44. Herufi ya urefu wa sentimita 25 tukiipanua hadi 37, pamoja na nafasi za katikati, neno TUNAWASAIDIA litapita mita 5. GRATUIT nayo haiingii. BURE inaingia kwa mita 1.80 hivi na kubakiza pembeni. Mdomo wa Lubumbashi unasema "bule", najua mtatucheka, lakini kila mtu ataelewa. Mengine, yaani fishi, saa na mlango, yatakaa chini kwa herufi za kawaida. Mistari mingi ya herufi nene inachosha macho.

Kwa wafadhili, tusifichane. Mnahitaji alama zenu zionekane, na picha za kupeleka kwa wakubwa wenu. Zitakuwepo, chini upande wa kuume, kwa ukubwa unaosomeka mtu akifika mezani. Hazitakuwa kubwa kuliko BURE. Kama masharti ya mchango yanakataza hivyo, afadhali tuchange wenyewe tripleksi na rangi, nyeusi juu ya njano.

Pentre anaanza Jumamosi. Tunaomba watu watatu wasimame kule makamyo yanakoegeshwa, mmoja awe mzee asiyeona vizuri, watuambie kama wanaisoma kabla rangi ya pili haijapakwa.