Tarehe ya Uzinduzi na Umri wa Simu: Mnunuzi wa Mombasa Yuko Wapi?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi, wauzaji na wanunuzi wa simu, Mji wa Kale, Mombasa

Nimeombwa nijibu kama watengenezaji wa simu janja, wanapoamua simu iwe na nini na itoke lini, humfikiria mnunuzi. Humfikiria, lakini mnunuzi huyo haishi Mombasa.

Tuanze na kalenda. Apple huzindua iPhone karibu kila Septemba, ziwahi manunuzi ya Krismasi huko Marekani na Ulaya. Samsung hutoa Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, wakati mzazi wa Kibokoni anahangaika na karo. Hilo lenyewe halinisumbui. Toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei, na wengi wetu hulipata hilo la zamani, likiletwa na jamaa kutoka Dubai au Muscat, au likiuzwa mkono wa pili kwenye maduka ya Digo Road. Tumefaidika, tusikatae.

Uchungu uko kwingine. Kila simu ina muda wake wa kupata masasisho ya usalama, yale marekebisho yanayoziba mianya ya wezi wa mitandaoni, na kwa kawaida muda huo huhesabiwa tangu simu izinduliwe. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi miaka 7. Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Hizo ni simu ghali. Nyingi za bei ya chini huahidiwa miaka michache tu, na nyingine boksi halisemi lolote. Mama muuza mahamri wa Bondeni akinunua simu iliyozinduliwa miaka miwili nyuma, hata iwe mpya kabisa, sehemu ya umri wake imeshaishia ghalani. Na ndani ya simu hiyo ndimo anamoweka M-Pesa yake, hesabu ya chama na picha ya kitambulisho. Hata programu huziacha simu zilizobaki nyuma: Oktoba 2023, WhatsApp iliacha kuhudumia Android zilizo chini ya toleo la 5. Wenye simu hizo walibaki na kifaa kinachowaka lakini hakiwafikishi kwa watu wao.

Julai 2020, Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, na mtu wa kabambe, yaani simu ya vitufe, akaweza kupata simu janja kwa shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya kwanza. Ni mpango mwema. Ndiyo sababu naona anayelipa kidogo kidogo ana haki zaidi ya kujua atakachokuwa nacho atakapomaliza deni.

Kuhusu vilivyomo ndani ya simu, Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion, zinastahili sifa. Zilituletea laini mbili, betri kubwa, redio ya FM, na kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Kisha simu nyingi za bei nafuu zikaanza kubandikwa lenzi za ziada za megapikseli 2, ambazo kazi yake kubwa ni kupendeza machoni pa mnunuzi. Nazo simu kubwa zikawa zinapunguza: Apple iliondoa tundu la hedifoni mwaka 2016 na chaja ndani ya boksi mwaka 2020, Samsung ikaondoa nafasi ya memori kadi kwenye Galaxy S21 mwaka 2021.

Lakini betri ndiyo kero yenyewe. Apple yenyewe hushauri iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Mwezi wa Machi hapa, kivulini tu, joto hufika nyuzi 32 au 33. Mtazame dereva wa tuktuk anayepokea abiria kwa programu: simu imeshikizwa mbele ya kioo, juani, skrini inawaka, chaja imechomekwa mchana kutwa. Betri ya lithiamu huchakaa upesi kwenye joto, ikafura hadi ikanyanyua skrini. Zamani ungefungua kifuniko kwa ukucha ukatia nyingine. Leo imegandishwa kwa gundi. Fundi hupasha moto ukingo, akapenyeza kadi nyembamba ya plastiki, akavuta polepole asikate utepe wa skrini. Mkono ukiteleza, betri ya bei ndogo imezaa hasara ya skrini nzima. Na akiifunga, gundi mpya haishiki kama ya kiwandani, unyevu wa bahari ukapata njia.

Kuhusu masasisho na vipuri, wenzetu wameshachukua hatua. Uingereza, tangu Aprili 2024, humlazimisha mtengenezaji kutangaza muda wa masasisho. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka masasisho yaendelee angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na vipuri vikuu vipatikane kwa miaka 7.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mteja haki ya kupata habari kuhusu anachonunua. Mamlaka ya mawasiliano ilizima simu bandia takriban milioni 1.9 mwaka 2012, nguvu inazo. Iagize kila boksi liandikwe tarehe ya mwisho ya masasisho, kama pakiti ya maziwa. Nanyi wauzaji, msingoje kuagizwa: mwambieni mteja. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, washa simu, ingia kwenye mipangilio, tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita mwaka na hakuna jipya, irudishe, utake nyingine.