Ghala la Mahindi: Pima Kwanza, Ndipo Ujenge

Leo tutazungumza juu ya ghala: namna ya kupanga na kujenga ghala lako mwenyewe la mahindi, kwa miti, fito na nyasi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mahindi, ndugu zangu, yanaoza, na yanaliwa na wengine kabla yetu. Mkulima asiye na ghala huuza karibu yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Miezi michache baadaye huenda dukani kununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Amelima kwa jasho, na bado anakula kwa deni. Kwa hiyo ghala ni sehemu ya kilimo, kama jembe na mbegu.

Haya, tuanze na kipimo. Usikate mti hata mmoja kabla ya kujua unataka kuweka mahindi kiasi gani. Muulize mama nyumbani: debe moja la mahindi linakwisha kwa siku ngapi? Tuseme siku tisa. Basi kwa mwaka mtakula madebe 40 hivi. Gunia la kilo 100 ni madebe sita, kwa hiyo chakula chenu ni gunia saba. Ongeza gunia sita ambazo ungependa kuzishikilia mpaka bei ipande. Jumla gunia 13.

Sasa basi, mahindi yaliyomenywa maganda, yakiwa bado kwenye magunzi, hula nafasi kubwa. Katika nafasi ya meta moja kwa moja kwa moja hesabu gunia tatu tu za punje. Ghala lenye urefu wa meta 3, upana wa meta 1 na kimo cha meta 1 na nusu litakutosha.

Utasema: mbona jembamba hivyo? Ni kwa sababu ya upepo. Upepo ndio unaokausha mahindi, na hauwezi kupenya rundo nene. Penye unyevu mwingi, upana usizidi sentimita 60. Hapo ongeza urefu ufike meta 5, na ghala litabeba kiasi kile kile. Penye ukavu unaweza kufika meta 1 na nusu.

Chagua mahali pa wazi, palipoinuka, pasipotuama maji. Ubavu mrefu wa ghala utazame upande unakotoka upepo. Ghala likae mbali na miti na kuta, meta mbili au zaidi, maana panya ni hodari wa kuruka.

Vifaa ni hivi: nguzo sita zenye urefu wa meta 3 na sentimita 20, unene wa sentimita 12 hivi, miti imara ya kubeba sakafu, fito za ukuta, nyasi za kuezekea, na mabati chakavu au madebe ya zamani. Kata miti yako miezi miwili kabla ya mavuno, imenye maganda, iache ikauke. Kumenya si urembo, maana wadudu hupenda kujificha chini ya maganda.

Siku ya kujenga, piga vigingi vinne. Pima kona kwa kona: kwa ghala la meta 3 kwa 1, mishazari yote miwili iwe meta 3 na sentimita 16. Ikitofautiana, ghala limekwenda upande, rekebisha vigingi. Kisha chimba mashimo sita, matatu kila ubavu, yenye kina cha sentimita 60. Sehemu ya nguzo itakayokaa ardhini ichome motoni mpaka iwe nyeusi, ili isiwe rahisi kuliwa na mchwa. Simamisha nguzo na ushindilie udongo barabara.

Sakafu ikae meta moja juu ya ardhi. Usitumie fito nyembamba hapa. Mahindi mabichi ya ghala hili, pamoja na magunzi yake, yanaweza kufika tani mbili. Funga pia miti ya mshazari kati ya nguzo, ghala lisiyumbe upepo ukivuma.

Ukuta ni fito zilizoachiana nafasi. Gunzi lisipite, lakini upepo upite. Usikandike udongo. Paa liwe na mteremko mkali, na nyasi zishuke nje ya ukuta nusu meta au zaidi, mvua isipige mahindi.

Sasa panya. Mafundi huuita mti mmoja wa paa mtambaapanya, na jina hilo si la bure. Kila nguzo ivishe kofia ya bati chini kidogo ya sakafu, mfano wa faneli iliyopinduliwa, ukingo wake utokeze sentimita 25 pande zote. Lakini kofia hizo ni kazi bure ukiacha ngazi imeegemea ghala au majani yakiota chini yake. Ngazi ikishatumika, iondoe.

Ndugu wakulima, yuko adui mwingine. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, alitambuliwa mkoani Tabora mwaka 1981, na wakulima wakambandika jina la Scania, kama lile lori. Huyu hutoboa mahindi na miti pia, na hupenda hasa mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Kwa hiyo kabla ya kujaza ghala, kagua kila nguzo na kila ufito. Wenye matundu na unga unga uchome moto. Masalio ya mwaka jana yafagie yote.

Na ghala la fito ni la kukaushia, si la kuacha magunzi mwaka mzima. Yakishakauka, pukuchua. Utajuaje yamekauka? Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu vijiko vitatu na punje kiasi cha robo ya chupa, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, subiri. Ikianguka chini yote, yako tayari.

Punje kavu zitie katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa. Wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Au changanya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Uliza ile yenye viini viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, na ufuate kipimo kilichoandikwa. Kamwe usitumie dawa ya shambani kwenye chakula. Mifuko hiyo ipange mle mle ghalani, juu, mbali na panya.

Usidharau unyevu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Punje zilizoota ukungu zitenge, usiwape watoto, wala usitengeneze pombe, wala usiwalishe kuku.

Kwa kifupi: pima chakula cha nyumba yako, kata miti mapema, jenga jembamba, inua meta moja, vika nguzo kofia, kausha, pukuchua. Kama majirani wanne mkisaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kazi itakuwa nyepesi. Penye utata, muoneni Bwana Shamba au Bibi Shamba wenu.

Jembe halimtupi mkulima. Basi naye asiyatupe mavuno yake.