Ushawishi na Kishawishi



Kushawishi ni kuuvuta moyo wa mtu hata akubali. Kutoka mzizi huo twapata ushawishi, yaani nguvu ya mtu ambaye maneno yake hufuatwa. Na kishawishi, ambacho Wakatoliki humwomba Mungu awaepushe nacho kila wasalipo Baba Yetu.

Katika mchujo wa KANU wa mwaka 1988, wapiga kura walipanga mlolongo hadharani nyuma ya wagombea. Hofu ile haikuwa ushawishi: haikuuvuta moyo, iliusukuma mwili. Tarehe 29 Desemba 1992 tulipiga kura ya siri, katika vyama vingi.

Basi ajaye na hoja tumsikilize. Huo ni ushawishi. Ajaye usiku na kanga na sukari tumrudishe. Hicho ni kishawishi.