Pikapu Inayotetemeka Barabarani

Haya ndiyo maneno ambayo dereva mmoja wa siku nyingi aliwaambia vijana wenye pikapu.



Wengi wenu mwategemea pikapu kwa riziki yenu. Mwabeba viazi kutoka Kinangop na maembe kutoka Makueni. Kwa hiyo nataka kuzungumza nanyi juu ya gari ambalo hutulia katika mwendo wa pole, lakini likifika kilometa 80 au 90 kwa saa huanza kutetemeka.

Pikapu yangu ilinifanyia hivyo katika barabara ya Mombasa. Niliipeleka gereji, nikaambiwa beringi za mbele na viungo vya usukani vimekwisha. Nililipa fedha nyingi, na gari likatetemeka kama kwanza. Baadaye fundi mmoja wa matairi alilala chini, akachungulia nyuma ya gurudumu, akabandua kwa bisibisi bonge la tope jeusi lililokauka ndani ya rimu. Mtetemeko ukaisha papo hapo. Kosa lilikuwa langu pia, kwa maana nilinunua vipuri kabla ya kuuliza gari lenyewe.

Yafaa basi kujua namna ya kuliuliza. Kwanza, je, ni usukani unaotikisika mikononi? Mara nyingi taabu iko katika magurudumu ya mbele. Je, ni kiti na sakafu? Tazama magurudumu ya nyuma, au propela. Je, latetemeka unapokanyaga breki tu? Yamkini diski za breki hazina tena unene ulio sawa. Je, lazidi unapokanyaga mafuta, hasa ukiwa na mzigo? Shuku viungio vya propela. Tena, lisimamishe gari, gia ikiwa huru, ukaizungushe injini kwa kasi ile ile. Likitetemeka hata hapo, usiyalaumu matairi.

Hata namna ya mtetemeko ina maana. Kwa mwendo wa kilometa 90, gurudumu lenye mzingo wa meta 2.2 huzunguka mara 11 hivi kwa sekunde. Propela ya pikapu nyingi huzunguka kadiri ya mara 4 zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo gurudumu hutikisa, lakini propela huvuma kama nyuki.

Sasa fuateni utaratibu huu, mkianza na yale yasiyogharimu kitu. Oshea rimu ndani na nje. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi. Kaza nati zote za magurudumu kwa kuvukanisha, moja hapa na nyingine upande wa pili, wala si kwa kufuata duara. Kisha pitisha kiganja juu ya kila tairi ukitafuta uvimbe au sehemu iliyolika vibaya. Kama hukuona neno, hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ukajaribu tena. Mtetemeko ukihama kutoka usukani hadi kiti, umekwisha kumjua mwizi: yumo katika gurudumu ulilolihamisha. Hapo ndipo ulipe kupimiwa balansi, yaani kuongezewa vipande vidogo vya uzito katika rimu mpaka gurudumu lizunguke bila kuelemea upande mmoja. Ikiwa hata baada ya hayo hali ni ile ile, mwambie fundi aiangalie propela, viungio vyake na beringi.

Lakini sikilizeni sana neno hili. Mtetemeko ulioanza ghafula, au unaozidi kila siku, si jambo la kungojea siku ya soko ipite. Tairi lililovimba huenda nyuzi zake za ndani zimeachana, nalo laweza kupasuka katikati ya safari. Nati zilizolegea zaweza kuliacha gurudumu liende zake peke yake, na nyuma ya pikapu huenda wamo watu. Punguza mwendo, simama kando mahali pa salama, ukatazame. Viazi vikichelewa, vitauzwa kesho; mtu akipotea, hanunuliwi.

Gari halina kinywa, lakini husema kwa mtetemo wake. Mwenye kusikiliza kwanza hulipa mara moja, naye hufika nyumbani.